Kinubi cha ukungu: kuvuna maji kwenye baridi kwa kuiga sindano za msonobari

Asubuhi ya Julai, barabara ya vumbi inayokatiza misonobari ya Mufindi huwa kavu katikati na tope pembeni. Mvua ilikatika tangu Mei. Tope hilo limetoka mitini: ukungu umepita kwenye matawi usiku kucha, sindano zimeuchuja, na maji yamedondoka chini ya mti, si kwingineko. Simama hapo dakika kumi, utalowa mabega huku mwenzako aliyebaki barabarani akikushangaa.

Mwongozo huu ni wa kutengeneza kifaa kidogo kinachofanya kazi ya mti huo: fremu ya nusu mita kwa nusu mita, iliyosokotwa nyuzi wima kama kinubi, pamoja na fremu nyingine ya neti ya kawaida ili uone ipi inavuna zaidi mahali pako. Nimeuandika kwa ajili ya watu wa nyanda za juu zenye baridi, Njombe, Makete, Mufindi, Lushoto, Limuru, Kinangop, kule ambako kiangazi huja na ukungu mwingi na visima vinavyokauka. Ukiishi Dar es Salaam, soma kwa kujifurahisha.

Kila kipimo utakachokutana nacho hapa chini kina sababu moja nyuma yake: tone kulikamata ni rahisi, shida ni kulifanya liachie. Hata matundu ya chandarua hunasa matone. Lakini tone linalong'ang'ania kwenye wavu huziba tundu, upepo wenye ukungu hupita pembeni, na usiku ukiwa wa baridi kali tone hilohilo huganda. Mimea imelitatua tatizo hili kwa umbo lake, bila dawa ya kupaka.

Kwanza hakikisha ni ukungu

Vitu vitatu huchanganywa. Umande ni mvuke wa hewani unaogeuka maji juu ya kitu kilichopoa. Huja usiku wa anga lisilo na mawingu, upepo ukiwa umetulia. Jalidi, wengine huiita sakitu, ni ndugu yake umande, ila kitu kilichopoa kimeshuka chini ya sifuri. Ndiyo ile nyeupe inayounguza viazi. Ukungu ni wingu lililogusa ardhi. Ni matone tayari, yenye kipenyo cha kama mikroni 1 hadi 40 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), yanayosafiri na upepo. (Ukungu wa kwenye mkate uliolala haumo humu, ingawa tutakutana nao kwenye tangi usipolifunika.)

Kifaa hiki huvuna ukungu tu. Ili ujue ulicho nacho, jioni funga uzi wa nailoni wima chini ya ukingo wa paa, upande unakotoka upepo, kisha weka sahani wazi uwanjani. Asubuhi sahani ikiwa na maji na uzi ni mkavu, huo ni umande, na kinubi hakitakufaa. Uzi ukiwa na shanga za maji kuanzia juu hadi chini, endelea kusoma. Rudia kwa wiki mbili kabla ya kutoa hata shilingi.

Ning'iniza na kipimajoto. Ukungu wetu mwingi huja kukiwa na nyuzi chache juu ya sifuri. Ukungu na jalidi ni nadra kukutana usiku mmoja katika vijiji vyetu, kwa sababu wingu ni kama blanketi: hulizuia joto la ardhi lisipotee angani. Wanaokutana na vyote viwili kwa pamoja ni wa juu zaidi, kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Mlima Kenya juu ya msitu, na nchi za majira ya baridi. Nao nimewatengea sehemu yao mbele.

Walimu wetu

Misonobari iliyopandwa kwa wingi Sao Hill ni ya aina ya *Pinus patula*, mgeni kutoka milima ya Mexico. Itazame sindano yake: ndefu, nyembamba, na inaning'inia kuelekea chini. Wembamba una kazi. Upepo ukifika kwenye kitu kipana, hewa hupinda na kukizunguka, na tone dogo huchukuliwa pamoja nayo. Ukifika kwenye kitu chembamba, hewa hupinda ghafla mno, tone linashindwa kukata kona na linakigonga. Ndiyo maana ubao hauvuni kitu na unywele unavuna. Kuning'inia nako kuna kazi yake: tone likishakua, uzito wake hulivuta chini moja kwa moja kando ya sindano, na njiani linameza wenzake, likizidi kukua na kuongeza mwendo.

Hesabu ndogo itakuonyesha ukubwa wa kazi hiyo. Tone la ukungu lenye mikroni 20 linahitaji wenzake milioni moja ili kupata tone la milimita 2 lenye uzito wa kuanguka. Milioni hiyo yote lazima ikusanyike mahali pamoja, na mahali hapo pawe tayari kuiachia.

Misitu ya *Sequoia* ya pwani ya California huishi hivyo wakati wa kiangazi. Utafiti wa Todd Dawson uliotolewa mwaka 1998 ulikuta kwamba takriban asilimia 34 ya maji yaliyofika chini ya miti hiyo kwa mwaka yalidondoka kutoka kwenye ukungu. Katika kisiwa cha El Hierro, Visiwa vya Canary, wenyeji waliwahi kutegemea mti mmoja ulioitwa Garoé uliokuwa ukidondosha maji ya ukungu, hadi dhoruba ilipouangusha mwaka 1610. Na karibu na nyumbani, miti ya jamii ya *Erica* inayoota juu ya msitu wa Kilimanjaro huchuja mawingu vivyo hivyo. Moto unapoiteketeza, mlima unapoteza maji hayo, na watu walio chini hawaelewi kwa nini mto umepungua huku mvua ikinyesha kama zamani.

Wapo walimu wengine wawili ambao watu wa maabara huwapenda. Dungusi aina ya *Opuntia microdasys*, lililochunguzwa na watafiti wa China mwaka 2012, lina miiba yenye ncha kali na kitako kinene, na kwa umbo hilo tone hujisukuma lenyewe kutoka kwenye ncha kwenda kitakoni, hata kama ni kupanda. Nyasi ya *Stipagrostis sabulicola* ya jangwa la Namib ina mifereji midogo kwenye jani inayopeleka maji hadi kwenye mizizi. Ni maumbile ya kushangaza, lakini fundi wa kijijini hawezi kuchonga mwiba wa dungusi mara elfu kumi. Mfereji wima ataumudu, na ndio tutakaouchukua.

Je, jani la gimbi? Kila aliyekulia karibu na magimbi anajua maji hayashiki pale, yanabingirika kama zebaki. Siri ni vinundu vidogo sana vyenye nta, na hewa iliyobanwa katikati yake. Wauzaji wa dawa za kupulizia hutumia mfano wa aina hiyo kukuuzia chupa. Usinunue. Katika ukungu wa baridi mvuke huingia katikati ya vinundu na kugeuka maji humo humo, hewa inafukuzwa, na uso uliokuwa ukikataa maji unaanza kuyang'ang'ania. Jalidi ikiingia humo ndiyo mbaya zaidi. Isitoshe, dawa hiyo huchujuka taratibu na kuishia kwenye kikombe chako.

Vifaa

Kwa fremu moja ya kinubi:

- Fito mbili za chuma zenye hesi mwanzo hadi mwisho, unene M16 (yaani milimita 16), urefu sentimita 60 kila moja. Ni zile fito ndefu za kufungia nati zinazouzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Hesi ya kawaida ya M16 ina nafasi ya milimita 2 kutoka jino hadi jino, na hiyo ndiyo nafasi tunayoitaka kati ya uzi na uzi. Fito itakupimia yenyewe.
- Uzi wa nailoni wa kuvulia, unene wa milimita 0.4, kama mita 270.
- Vipande vitatu vya mbao ngumu, urefu sentimita 48, upana sentimita 5, unene usiozidi milimita 12.
- Kabari tatu nyembamba za mbao.
- Bomba la PVC la inchi 3 au 4 la kupasuliwa kuwa gata, mpira mweusi wa maji, na dumu la lita 10 au 20.
- Nguzo mbili na waya wa kuzivuta.

Kwa fremu ya kulinganisha: mbao za fremu zenye nafasi ya ndani ya sentimita 50 kwa 50, na neti ya kivuli ya asilimia 35 (inayozuia asilimia 35 ya mwanga), ile ya vitalu vya miche. Katika duka la pembejeo watataka kukupa ya asilimia 75 kwa sababu ndiyo inayonunuliwa sana. Ikatae. Neti nzito hugeuka ukuta, na upepo huuzunguka ukuta.

Kusokota kinubi

Osha fito kwa sabuni na maji ya moto hadi mafuta ya kiwandani yaishe. Kama maji ni ya kunywa na mfuko unaruhusu, tafuta chuma kisichoshika kutu. Piga msasa meno yote kwa brashi ya waya, kwani ncha moja kali itakukatia uzi usiku wa manane.

Toboa au chonga mtaro kwenye ncha za mbao tatu ili fito ikae isiteleze. Mbao mbili zikae kwenye pembe na ya tatu katikati, zote zikiwa wima, fito moja juu na nyingine chini. Mbao ya katikati si pambo. Kinubi changu cha kwanza hakikuwa nayo. Nilivuta uzi kwa nguvu kama navuta kamba ya mbuzi, na nilipofika mzunguko wa mia moja fito zilikuwa zimepinda kama upinde na nyuzi za mwanzo zimelegea kabisa. Piga hesabu na utaona kwa nini: mizunguko 250 ni nyuzi 500, mbele na nyuma. Kila uzi ukivuta gramu 100 tu, fito inabeba kilo 50.

Kwa hiyo vuta kila uzi kwa nguvu ya gramu 100, si zaidi. Ili mkono ujue, ning'iniza chupa yenye maji ya desilita moja kwenye kipande cha uzi na uushike kwa dakika moja. Mkono hukumbuka.

Funga mwanzo wa uzi kwenye fito ya juu, shuka mbele, zunguka fito ya chini, panda nyuma, ingia jino linalofuata. Usiruke jino. Ukienda hivi, nyuzi za nyuma zitaangukia katikati ya nafasi za nyuzi za mbele zenyewe, kwa sababu hesi ina mwinamo. Uzi wa milimita 0.4 katika kila milimita 2 huziba asilimia 20 ya njia ya upepo. Safu mbili zisizofunikana huziba asilimia 40. Ni karibu kivuli kilekile cha neti ya asilimia 35, ila hapa hakuna uzi hata mmoja uliolala.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Kwenye neti, tone linaloshuka hukutana na uzi wa kukata njia na kusimama. Linasubiri liongezeke uzito, linaziba tundu, linasubiri tena. Watafiti wa chuo kikuu cha Virginia Tech, Marekani, walioiga miti ya *Sequoia* mwaka 2018 waliondoa nyuzi zote za kukata njia, na vinubi vyao vidogo vya maabara vilivuna hadi mara tatu ya neti. Watu wa MIT, chuo kingine cha Marekani, pamoja na wenzao wa Chile walishaonyesha mwaka 2013 kwamba kwa kupunguza unene wa uzi na kuchagua vizuri nafasi na uso wake, neti yenyewe inaweza kuvuna hadi mara tano ya ile ya kawaida. Usitegemee namba hizo kwenye kilima chako. Maabara haina kereng'ende, vumbi, wala watoto wenye manati.

Kuondoa nyuzi za kulala kuna gharama yake. Nyuzi ndefu zilizolowa hupenda kushikana, kama nywele zinapotoka majini, na zikishashikana mbilimbili umepoteza nusu ya kinubi. Weka uzi mmoja wa kulala kila baada ya sentimita 16, yaani mistari miwili tu, ukiupitisha juu na chini ya nyuzi wima kama unavyosuka mkeka, kisha ufunge kwenye mbao za pembeni. Mistari miwili haizuii maji.

Mwisho piga kabari taratibu kati ya fito ya juu na kila mbao. Nailoni hunywa maji na kurefuka, hivyo baada ya usiku wa kwanza wa ukungu utaona imelegea. Gonga kabari kidogo. Jua likiwaka sana na uzi ukalia kama gitaa, zirudishe nyuma.

Fremu ya neti haina maneno mengi: kunja neti iwe tabaka mbili zinazogusana, ivute isilegee, ipigilie. Tabaka mbili husuguana kwa upepo na kuangusha matone yaliyokwama. Hata neti inajua kwamba shida yake ni kuachia.

Mahali na mwelekeo

Ukungu hauvunwi bondeni ambako umelala usingizi. Unavunwa unapotembea. Tafuta mgongo wa kilima au ukingo wa mteremko ambapo upepo hauzuiliwi na miti wala nyumba. Funga utepe kwenye mti mrefu na uutazame nyakati za ukungu, si mchana, kwani mara nyingi upepo wa mchana hutoka kwingine kabisa. Kwenye kingo za mashariki za nyanda za juu kusini, ukungu wa kiangazi huletwa zaidi na pepo za kusini mashariki, lakini korongo moja linaweza kuugeuza. Amini utepe.

Fremu ziutazame upepo huo uso kwa uso, ukingo wa chini ukiwa mita 2 kutoka ardhini. Ndio urefu waliopendekeza watafiti wa ukungu Robert Schemenauer na Pilar Cereceda mwaka 1994 kwa kifaa cha kupimia ukungu, ambacho chao ni cha mita 1 kwa 1. Ukifuata urefu huo, namba zako zitalinganishika na za wengine. Weka kinubi na neti sambamba, umbali wa mita mbili au zaidi, kimoja kisiwe nyuma ya kingine. Kila Jumamosi vibadilishane nafasi. Usipofanya hivyo utakuja kusifia kinubi kumbe ulichokuwa unakipima ni kona nzuri ya kilima.

Nguzo chimbia sentimita 60 na uzivute kwa waya pande zote nne. Upepo wa mita 15 kwa sekunde husukuma ukuta wa mita moja ya mraba kwa nguvu ya kama kilo 12, na fremu iliyojaa barafu ni ukuta.

Gata, mpira na tangi

Maji mengi hupotea hapa, wala hayapotei kwenye nyuzi. Gata liwe pana kuliko unavyodhani, kwa kuwa upepo hupuliza matone nyuma ya fremu. Sogeza mdomo wake sentimita 10 upande unakoelekea upepo. Mteremko wa sentimita 2 kwa kila nusu mita unatosha. Weka kipande cha wavu mdomoni kuzuia wadudu na majani.

Baridi inadai mambo matatu zaidi. Mpira usiwe na tumbo: popote unapobonyea, maji hukaa, na maji yanayokaa ndiyo yanayoganda. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9, na mpira unapasuka. Uteremke moja kwa moja hadi kwenye dumu. Pili, chagua mpira mweusi, jua la saa mbili asubuhi liuamshe. Tatu, dumu au tangi lizikwe nusu, au lizungushiwe nyasi kavu na kufunikwa.

Hilo la mwisho tunajifunza kwa mimea ya Kilimanjaro. *Lobelia deckenii* huhifadhi maji katikati ya majani yake. Usiku uso wa maji huganda, lakini kichipukizi kilicho chini hakigandi. Maji yanapoganda hutoa joto, kama jouli 334 kwa kila gramu, na ndilo linalokilinda. *Dendrosenecio* nayo hufumba majani jioni na kubaki na majani makavu shinani kama koti. Tangi lililojaa nusu, lililovikwa nyasi, linapita usiku uleule unaopasua chupa ndogo iliyoachwa wazi.

Usiku ukishuka chini ya sifuri

Hii ndiyo sehemu ya walio juu sana. Tone la ukungu linaweza kubaki maji hata hewa ikiwa na nyuzi kadhaa chini ya sifuri, kwa sababu halina kitu cha kuanzia kuganda. Likigusa uzi wako, linaganda hapo hapo. Asubuhi utakuta kila uzi umevaa ganda jeupe lenye manyoya, limekua kuelekea upepo unakotoka. Barafu ya aina hii ikiwa laini huwa na kilo 200 hadi 600 kwa mita ya ujazo. Ganda la sentimita 3 kwenye mita nzima ya mraba, kwa kilo 300, ni kilo 9. Likiwa gumu na nene, neti huchanika kwenye misumari.

Usipigane nalo usiku. Huvuni maji saa hizo. Unaweka akiba ya barafu. Kazi yako ni kuhakikisha inaangukia kwenye gata kuanzia saa tatu asubuhi. Kwa hiyo:

Panua gata hadi sentimita 25, au tumia beseni refu la plastiki, maana barafu huanguka kwa vipande na kuruka. Juu yake weka wavu wa matundu ya sentimita moja, vipande viyeyukie hapo visije vikaziba mdomo wa mpira. Tumia uzi mweusi badala ya mweupe, jua linapochomoza uzi unapata joto kabla ya hewa na ganda linaachia kutokea ndani. Nyuzi wima zinazonyumbulika huachia vizuri kuliko neti, kwani barafu ya kwenye neti imefungamana pande nne, wakati ya kwenye kinubi ni vijiti vilivyosimama kila kimoja peke yake. Ukitaka kuharakisha, gonga fito ya juu mara mbili kwa mpini wa nyundo. Usikwangue. Kisu kikikwaruza uzi, maji hayatateleza tena pale.

Na legeza kabari kidogo jioni unapoona dalili za kuganda, nyuzi zipate nafasi ya kubeba.

Kupima

Kila asubuhi, saa ileile, mimina maji ya kila dumu kwenye chombo chenye alama na uandike: tarehe, mililita za kinubi, mililita za neti, jotoridi la chini kabisa la usiku, na kama kulikuwa na mvua. Weka kopo la kupimia mvua karibu. Siku ya mvua usiihesabu kama ya ukungu. Fremu ya sentimita 50 kwa 50 ni robo ya mita ya mraba, kwa hiyo zidisha kwa nne upate lita kwa mita ya mraba.

Utegemee nini? Tuseme ukungu una gramu 0.2 za maji katika kila mita ya ujazo, na upepo unakwenda mita 4 kwa sekunde. Kwenye dirisha la mita moja ya mraba hupita gramu 0.8 kila sekunde, karibu lita 2.9 kwa saa. Ukikamata na kushusha sehemu moja ya kumi, kwa saa nane umepata lita 2.3. Kule Chungungo, kaskazini mwa Chile, mradi wa neti kubwa juu ya mlima El Tofo ulipata wastani wa kama lita 3 kwa mita ya mraba kwa siku na ulilisha kijiji kizima miaka ya 1990. Usiku wako mmoja ukitoa lita 6 usitangaze, na ukitoa sifuri usivunje fremu. Andika msimu mzima, Juni hadi Septemba.

Chungungo pia ndiyo inayonifanya nisisitize daftari na matunzo. Neti zile hazikushindwa kuvuna. Matengenezo yalilegea, na mwishowe mfumo ukatelekezwa ukungu ukiwa bado unapita palepale.

Wastani wako ukiwa chini ya nusu lita kwa mita ya mraba kwa siku, maji ya gata la paa la nyumba wakati wa masika yatakulipa zaidi. Hamishia bati na tangi huko. Ukivuka lita 2, na kinubi kikiwa kimeishinda neti baada ya kubadilishana nafasi, ongeza fremu kwa ukubwa huohuo zikipangwa safu. Usijenge kinubi kimoja cha mita mbili. Nyuzi ndefu zitashikana tu.

Kabla ya kunywa

Ukungu wenyewe ni msafi kuliko njia uliyopita. Maji ya saa ya kwanza baada ya siku kadhaa za ukavu yamwage au uyapeleke bustanini, yana vumbi na kinyesi cha ndege. Kama jirani yako ni shamba la chai au viazi linalopuliziwa dawa, ondoa dumu siku za kupulizia na siku inayofuata. Maji yanayobaki chemsha. Ya kumwagilia miche hayana masharti.

Mara moja kwa wiki pitisha maji ya uvuguvugu juu ya nyuzi kwa kopo, bila sabuni, kuondoa utando wa kijani unaojijenga kwenye meno ya fito. Uzi uliokatika usiufunge fundo katikati. Tone litasimama kwenye fundo. Ufunge juu na chini, uache pengo moja, kinubi hakitalalamika.

Oktoba ukungu ukikatika, toa kabari, kizungushie kinubi gunia kavu na ukining'inize darini mahali panya hawafiki, kwani panya hupenda nailoni. Kwenye mbao ya katikati andika kwa kalamu ya rangi jumla ya lita na tarehe ya ukungu wa mwisho.